Kisanduku Kinachohesabu Moyo wa Mama

Ndugu msikilizaji, mwishoni mwa mwezi uliopita nilikwenda Tanga kumwona mama yangu mzazi, mzee wa miaka 78, anayeishi katika nyumba yetu ya zamani kule Ngamiani. Katika mkoba wangu nilibeba mzigo uliotoka Uingereza, kwa mdogo wangu anayefanya kazi huko. Ulikuwa ni kisanduku cheupe, kadiri ya kipande cha sabuni ya kuogea, chenye waya mmoja tu wa umeme. Maagizo yalikuwa mafupi: kitundikwe ukutani juu ya kitanda cha mama, kielekezwe kifuani pake, basi. Hakina mkanda wa kufunga mkononi, hakina nyaya za kubandika mwilini, wala hakina kamera. Mama akilala chini ya chandarua chake, kisanduku kitahesabu pumzi na mapigo ya moyo wake usiku kucha, na hesabu hiyo itasomeka katika simu ya mdogo wangu huko aliko. Mwisho wa ujumbe wake aliongeza sentensi moja iliyonitia wasiwasi: "Sasa mama asisumbuke tena kwenda kliniki kila mwezi."

Mama alikipokea, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Kinanigusa wapi?"

Nikamjibu, "Hakikugusi, mama."

"Basi kinaniona?"

"Wala hakikuoni."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipochelewa kutoka shule. "Mwanangu, kitu kisichonigusa wala kisichoniona, kinajuaje moyo wangu unavyokwenda? Na kikishajua, kinakwenda kumwambia nani?"

Ndugu msikilizaji, mimi ni mtu wa redio. Zaidi ya miaka 20 nimekula mkate wangu kwa mawimbi yapitayo hewani. Lakini siku ile nilikaa kimya mbele ya mama yangu, maana jibu sikuwa nalo. Niliporudi Dar es Salaam nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua. Leo nakuletea niliyoyapata, kwani naamini mama yangu hatakuwa mzazi wa mwisho kuletewa kisanduku cha namna hii.

Ndani ya kisanduku kile mna rada. Najua kwetu neno hili lina historia yake ya bungeni na magazetini, lakini hiyo tuiache. Rada ni chombo kinachotoa mawimbi ya redio, yakagonga kitu, yakarudi, na chombo kikasoma yale yaliyorudi. Ni kama mtu anayepiga ukelele mbele ya mlima akausikia mwangwi wake. Akijua sauti inakwenda kasi gani, atajua mlima uko mbali kiasi gani.

Rada na redio ni ndugu wa tumbo moja. Tarehe 26 Februari 1935, huko Uingereza, Robert Watson-Watt na mwenzake Arnold Wilkins waliweka mitambo yao ya kupokea mawimbi shambani, karibu na kituo cha BBC cha Daventry. Kituo hicho kilikuwa kikirusha matangazo ya masafa mafupi kwenda ng'ambo. Ndege moja ya kijeshi ikatumwa irukeruke katika mawimbi hayo, na wataalamu wale wakaona katika mtambo wao jinsi ndege ilivyoyarudisha. Kwa hiyo jaribio lililofungua njia ya rada ya Uingereza lilifanywa kwa mawimbi ya redio ya matangazo. Sisi watangazaji tunayo haki ya kujivunia jambo hilo.

Sasa, kutoka ndege hadi moyo wa mama kuna safari ndefu. Ndege ni chuma kikubwa kinachokwenda kasi. Moyo ni kipande cha nyama kadiri ya ngumi, kilichofichwa nyuma ya mbavu. Rada inaufikiaje? Jibu ni kwamba haiufikii, na hapa ndipo penye kiini cha maelezo yangu ya leo. Vyombo vingi vya majumbani vya aina hii hutumia mawimbi ya gigahezi 24 au 60. Mawimbi ya gigahezi 60 hupita katika shuka, kanga na chandarua bila taabu kubwa. Lakini yakifika kwenye ngozi ya binadamu hayaendi ndani hata milimita moja. Mengine humezwa na ngozi, mengine hurudi yalikotoka. Rada ile haijapata kuuona moyo wa mtu yeyote. Inachokiona ni kifua kinavyotikisika.

Jaribu jambo moja, msikilizaji. Lala chali, uvue shati, utulie, kisha utazame upande wa kushoto wa kifua chako au pale chini ya kidari. Ukiwa mwembamba utaona ngozi ikirukaruka kidogo. Kila moyo unapojikamua kusukuma damu, huugonga ukuta wa kifua kwa ndani, na ukuta ule husogea kwa sehemu ya milimita, mara nyingi isiyozidi nusu. Chukua karatasi mbili au tatu za daftari uzibane pamoja: unene wake ndio mwendo tunaouzungumzia. Rada hupima mwendo huo kutoka ng'ambo ya chumba.

Inawezaje? Hebu tutumie mfano wa gwaride. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na kila wimbi lina hatua yake. Kituo cha FM cha megahezi 100, unachokisikiliza kwenye daladala, hutoa mawimbi ambayo hatua yake ni meta 3. Mawimbi ya gigahezi 60 yana hatua ya milimita 5 tu, kadiri ya punje ya choroko. Rada huyatuma mawimbi hayo kifuani, na yanaporudi huyalinganisha na yale yanayotoka, kama sajini anayetazama iwapo askari wawili wanakwenda mguu sawa. Kifua kikisogea mbele kwa robo ya milimita, safari ya kwenda inapungua robo na ya kurudi inapungua robo, jumla nusu milimita. Nusu milimita katika hatua ya milimita 5 ni sehemu moja ya kumi. Basi wimbi linarudi likiwa limewahi kwa sehemu moja ya kumi ya hatua, na sajini analiona mara moja. Kama tungetumia mawimbi ya FM ya meta 3, kosa lile lingekuwa sehemu moja ya elfu sita ya hatua, na sajini angepata kazi ngumu kweli. Ndiyo maana wataalamu hupenda mawimbi mafupi kwa kazi hii.

Jambo hili la wimbi kubadilika kwa sababu ya mwendo lilielezwa zamani sana. Mwaka 1842 mtaalamu mmoja wa Austria, Christian Doppler, aliyekuwa akifundisha Prague, aliandika kwamba wimbi linalotoka kwenye kitu kinachokujia hubadilika, na kinachokwenda zake hubadilika kinyume. Wewe unalijua bila kufundishwa. Simama kando ya barabara ya Chalinze basi likipita huku limebonyeza honi: likija sauti ni nyembamba, likikupita inageuka nzito ghafla. Mwaka 1845 huko Uholanzi walilipima jambo hilo kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi, na wanamuziki wengine wakisimama kando ya reli kusikiliza sauti inavyogeuka.

Hata hapa kwetu Doppler anafanya kazi kwa moyo kila siku. Wakunga wetu kwa miaka mingi wamesikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kutumia ile pembe ndogo inayowekwa kwenye tumbo la mama na sikio likawekwa upande wa pili. Siku hizi kipo chombo kilichopewa jina la Kiswahili, Moyo, kilichotengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway. Kilifanyiwa utafiti katika hospitali ya Haydom mkoani Manyara na pale Muhimbili. Hicho hutumia kanuni ya Doppler, lakini kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Sauti hiyo haiingii mwilini vizuri ikipitia hewani, ndiyo maana lazima chombo kigusane na tumbo na kupakwa mafuta mazito. Mawimbi ya redio hayahitaji kugusana. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo iliyowavuta wataalamu. Mwaka 1975 mtaalamu James Lin, nchini Marekani, alichapisha taarifa ya kupima pumzi kwa mawimbi ya mikrowevu bila kumgusa anayepimwa. Mapigo ya moyo yakafuata baadaye.

Hata hivyo kazi haijaisha hapo. Kifua hakitikiswi na moyo peke yake. Mtu anapopumua kifua hupanda na kushuka milimita 4 hadi 12, yaani mara kumi, ishirini au zaidi ya ule mtikisiko wa moyo. Kuutafuta moyo ndani ya pumzi ni kama kutafuta mnong'ono wa mtu aliyesimama katikati ya ngoma. Sisi katika studio tuna mbinu: tunajua sauti ya mtu ina mwendo wake na ngoma ina mwendo wake, tunaipunguza moja ili nyingine isikike. Kompyuta ndogo iliyomo katika kisanduku hufanya hivyo hivyo. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Kompyuta hutenga mwendo wa polepole na kuuita pumzi, ikautenga ule wa haraka na kuuita moyo.

Lakini ngoma nayo ina mwangwi wake. Mtu anayepumua mara 20 kwa dakika anaweza kutoa mitikisiko midogo inayojirudia mara 40, mara 60, mara 80, na kompyuta isiyo hodari ikaudaka ule wa 80 na kusema huu ndio moyo. Huo ni mtego unaojulikana sana kwa wanaotengeneza vyombo hivi, na wameumiza vichwa kuukwepa.

Mimi mwenyewe nilikijaribu kile kisanduku kabla sijaondoka Tanga. Mama alikubali kulala kitandani kwa robo saa, "ili uridhike," alivyosema. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo kwa dakika nzima nikitazama saa ya ukutani. Nikapata 75. Kisanduku kikasema 76. Nikastaajabu. Kisha akaja mjukuu wake wa miaka sita, ambaye kila usiku hulala na bibi yake kitanda kimoja, akajitupa kando yake. Namba zikaanza kuyumba: 91, halafu 58, halafu kisanduku kikanyamaza. Mama alipogeuka ubavu kikanyamaza tena. Mwisho tukatoka wote chumbani, kitanda kikabaki kitupu, feni ikiendelea kuzunguka na chandarua kikipepea. Nikaitazama simu: kisanduku kilidai kuna mtu anapumua.

Sikusema hivyo ili kukikebehi chombo. Nimesema ili uone kwamba kinasema ukweli kuhusu kile kinachokipima. Kinapima mtikisiko. Chandarua kikitikisika kwa mpigo kama wa pumzi, kisanduku kitaita pumzi. Ukilishika jambo hilo moja utajua mwenyewe rada inafaa wapi, na wapi haifai.

Tuanze na pale inapofaa. Mahali pa kwanza ni chini ya kifusi. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Nepal. Katika mji wa Chautara, waokoaji walitumia rada iitwayo FINDER, iliyobuniwa na maabara ya JPL ya shirika la anga la Marekani, NASA, kwa ushirikiano na wizara ya usalama wa ndani ya nchi hiyo. Rada hiyo hutumia mawimbi marefu zaidi kuliko yale ya kisanduku cha mama, ili yapenye matofali na udongo. Ilinasa mapigo ya moyo chini ya majengo mawili yaliyoanguka, na watu wanne walitolewa wakiwa hai, wakiwa wamefukiwa chini ya kifusi cha kiasi cha meta 3. Maana tofali halitikisiki mara 70 kwa dakika. Katika lundo la vitu vilivyokufa, kitu pekee chenye mpigo wa namna hiyo ni kiumbe hai.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Nepal kujua thamani ya jambo hilo. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya saa zipatazo 80, na siku sita baada ya jengo kuanguka wakatolewa wengine wakiwa hai. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo likaanguka Kariakoo, hapa Dar es Salaam, na nchi nzima ikakaa ikisubiri habari za walionaswa chini. Yeyote aliyewahi kusimama mahali pa namna hiyo anaijua ile amri ya ukimya: mashine zizimwe, watu wasimame walipo, wanyamaze, ili wenye masikio wasikilize kama kuna anayegonga. Aliyezimia hawezi kugonga wala kuita. Lakini moyo wake unaendelea kugonga bila ruhusa yake, na hiyo ndiyo sauti rada inayoitafuta. Nayo pia inahitaji utulivu ule ule, kwani mwokoaji anayetembea karibu anatikisika zaidi kuliko moyo ulio chini.

Mahali pa pili ni kwa wagonjwa wasiofaa kuguswa. Mtoto njiti ana ngozi laini kama ganda la kitunguu. Ukimbandika vibandiko vya waya, siku ya kuvibandua unaweza kumchuna. Aliyeungua moto kifuani utambandika wapi? Kwa hao, chombo kinachohesabu kutoka mbali ni rehema, na wataalamu wa nchi mbalimbali wanaendelea kukijaribu kwa ajili yao.

Lipo na suala la rangi. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu kile kibanio kinachowekwa kidoleni kupima oksijeni katika damu kwa mwanga. Waligundua kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kuonyesha upungufu wa hatari wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Mwanga lazima upite katika ngozi, na ngozi yetu huumeza zaidi. Rada haitumii mwanga na haijali rangi. Lakini tahadhari, nayo haipimi oksijeni. Inahesabu pumzi na mapigo, si zaidi.

Na hapo ndipo tunafika pale isipofaa. Mdogo wangu alisema mama asisumbuke na kliniki. Mama yangu ana presha, ugonjwa walio nao wazee wengi na hata vijana siku hizi. Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, na hesabu ya mapigo haikuambii nguvu hiyo. Mtu anaweza kuwa na presha ya 180 kwa 110 huku moyo wake ukipiga 72 kwa dakika, taratibu kabisa. Kisanduku kitampa alama nzuri, na usiku huo huo mshipa wa kichwani ukapasuka. Hali kadhalika mshipa unaolisha moyo unaweza kuziba na hesabu ya mapigo ikabaki ya kawaida. Anayetaka kujua presha lazima afungwe ule mkanda wa mkononi unaojazwa upepo. Anayetaka kujua njia za umeme za moyo lazima abandikwe nyaya za ECG, chombo ambacho Willem Einthoven wa Uholanzi alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1924. Kugusa bado hakujapitwa na wakati.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mionzi. Nao nawajibu: kisanduku cha aina hii hutoa nguvu ya miliwati chache, yaani sehemu chache za elfu za wati moja. Simu iliyo sikioni mwako inaweza kufikia mamia ya miliwati. Mitambo yetu ya redio tunaihesabu kwa kilowati. Ukiwa na hofu ya mawimbi, usianze na kisanduku.

Hofu yangu iko kwingine, katika lile swali la pili la mama: kikishajua, kinakwenda kumwambia nani? Wazee walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Walimaanisha siri za moyo, lakini hata mapigo yake yalikuwa ya mtu mwenyewe. Aliyetaka kuyajua alikuja, akasalimia, akaomba mkono. Mwaka 1816 daktari René Laennec wa Paris alikunja karatasi ikawa bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, kwa sababu aliona haya kulaza sikio lake kwenye kifua cha mwanamke. Huo ndio mwanzo wa kile chombo cha kusikilizia ambacho madaktari hukivaa shingoni. Hata hivyo Laennec alikuwa mbele ya mgonjwa wake, na mgonjwa alijua anasikilizwa. Rada haimlazimishi mtu kuomba mkono. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, akiwamo Profesa Dina Katabi, walionyesha chombo kilichopima pumzi na mapigo kwa usahihi mkubwa kutoka umbali wa meta 8, au mtu akiwa katika chumba kingine. Yaani ukuta si kizuizi tena.

Fikiri maana yake. Mwajiri anaweza kujua moyo wa mfanyakazi ulivyoruka alipoulizwa swali. Mwenye nyumba anaweza kujua chumbani mna watu wangapi wanaopumua. Mwenye kampuni ya bima anaweza kutamani kujua moyo wako kabla hajakuandikia mkataba. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria yetu inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na msingi wake ni ridhaa ya mwenyewe. Ni hatua njema. Lakini sheria haiingii chumbani kwa mzee usiku. Anayeingia ni mtoto wake, kwa mapenzi mema, na kisanduku mkononi, bila kuuliza. Na hesabu ya moyo wa mzee inatoka Ngamiani, inapita katika mitambo ya kampuni isiyojulikana, hadi kwenye simu ya mtu mwingine. Anayenunua chombo hiki na aulize kabla ya kulipa: taarifa zinahifadhiwa wapi, nani anazisoma, na zinafutwaje?

Juzi nilimpigia mama, nikamsimulia yote haya kwa lugha nyepesi kuliko niliyotumia leo. Nikamweleza kwamba kisanduku kinasikia kifua, hakisikii moyo, na hakijui presha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe. Basi mjukuu alale wapi ili mashine isichanganyikiwe? Alale chini?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Mwambie mdogo wako namshukuru, najua ananiwazia. Kikae hapo mezani. Siku nikijisikia vibaya nitakiwasha mwenyewe, na nikitaka nitakizima. Kliniki nitakwenda, kwa sababu yule muuguzi ananishika mkono na kuniuliza nimekula nini. Na yeye mwanangu akitaka kujua nimeamkaje, anipigie."

Nimempelekea mdogo wangu maneno hayo kama yalivyo. Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu mama akanipigia kunieleza kwamba wamezungumza karibu saa nzima, na kwamba tarehe ya kliniki ni Jumanne ijayo. Kisanduku, aliniambia, kiko mezani chini ya kitambaa, na waya wake umechomolewa.

Ndugu msikilizaji, kama nawe una mzee, na umemletea au unakusudia kumletea chombo kama hiki, keti naye kwanza umweleze kinachopima na kisichopima, kisha umwache aamue. Kwa leo naishia hapo. Hadi juma lijalo, kwaheri.